Kwa nini wachunguzi wa mlipuko wanatusumbua sisi ambao hatukuugua?

MezaYaTano ameandika:

Wakuu, habari zenu. Nina swali limenikaa kichwani na sijapata wa kunijibu vizuri.

Tulikuwa kwenye semina ya kikazi, ukumbi mmoja, na chakula cha mchana tulikula pamoja. Kesho yake jioni watu wakaanza kutapika na kuharisha, huyu usiku, yule alfajiri, wengine wakalazwa. Mimi sikuumwa hata tumbo. Ajabu ni kwamba ofisa wa afya anayechunguza ananipigia simu mimi. Anataka kujua nilikula nini, nilikunywa nini, nilikaa meza gani, kama nilitia barafu kwenye juisi, kama nilirudi kuongeza chakula. Nikamwambia, dada, mimi ni mzima, wahoji wagonjwa. Akacheka, akasema mimi ndiye anayemhitaji zaidi.

Wagonjwa karibu wote walikula nyama, hilo linajulikana, na mpishi ameshasimamishwa kazi. Maabara imesema wagonjwa wana norovirusi, kirusi cha kutapisha na kuharisha. Sasa kimebaki nini cha kuuliza? Huu ni utaratibu wa kweli au ni watu wanajaza fomu zao?

---

Shombo amejibu:

Fomu hizo, mkuu. Maabara ikishataja kirusi kesi imekwisha. Mengine yote ni kupiga ramli kwa kalamu.

---

Mzee wa Madodoso amejibu:

Shombo, ramli haihitaji hesabu, hii inahitaji. Kaa hapo nikuonyeshe.

MezaYaTano, huyo dada anajua kazi yake. Mimi nimechunguza milipuko mpaka nikastaafu, na kilichokuwa kikinichosha si harufu ya wodi wala kulala garini. Ni wazima. Mgonjwa anataka kujua nini kimempata, kwa hiyo atakujibu dodoso zima hata liwe na kurasa nane. Mzima anakata simu. Na jibu lenyewe mara nyingi analo yeye.

Unasema wagonjwa karibu wote walikula nyama. Sawa. Na wazima je? Kama nyama iliwekwa kwenye karibu kila sahani, basi na wao walikula. Kwa hoja hiyo unaweza kuvishtaki viti, maana wagonjwa wote walikalia viti. Kitu hakiwi mtuhumiwa kwa sababu wagonjwa walikigusa. Kinakuwa mtuhumiwa pale wagonjwa walipokigusa na wazima wakakikosa.

Nakupa hesabu. Namba hizi nimezibuni, si za semina yenu. Watu 120, wagonjwa 46. Waliokula nyama ni 110, kati yao wakaugua 43, yaani asilimia 39. Ambao hawakula nyama ni 10, wakaugua 3, asilimia 30. Ukiwasikiliza wagonjwa peke yao utaambiwa 43 kati ya 46 walikula nyama, na mpishi atafukuzwa siku hiyohiyo. Lakini asilimia 39 na asilimia 30 kwa watu wachache namna hiyo hazina tofauti ya kumhukumu mtu.

Sasa chukua barafu. Waliotia barafu kwenye kinywaji ni 60, wakaugua 42, asilimia 70. Ambao hawakutia ni 60, wakaugua 4, hawafiki asilimia 7. Aliyetia barafu ana uwezekano wa kuugua zaidi ya mara 10 ya yule asiyetia. Hapo ndipo mchunguzi anainuka kwenye kiti. Na zingatia: bila wale 60 ambao hawakutia barafu, hesabu hii haipo. Wagonjwa peke yao wasingeweza kunipa.

Kabla ya hapo lazima awe ameandika nani anahesabika kuwa mgonjwa. Kwa mfano: mtu aliyehudhuria, ambaye ndani ya siku 3 alitapika, au aliharisha mara 3 au zaidi ndani ya saa 24. Aliyeumwa kichwa kwa uchovu wa safari haingii. Watu huona ni urasimu, lakini usipoweka mpaka huo mapema, utajikuta unamwita mgonjwa kila anayekuunga mkono kwenye dhana yako. Nimewaona wasomi wakubwa wakifanya hivyo bila kujua.

Utaniuliza, na wale 4 walioumwa bila barafu? Hao ndio nawapenda. Mmoja alionja kinywaji cha jirani yake. Mwingine amesahau. Mwingine alilala chumba kimoja na mgonjwa, akaambukizwa na yeye, si na chakula. Huwa nawarudia hao kwanza, kabla sijaandika mstari wowote wa ripoti.

Si jambo jipya. London, mwaka 1854, kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600 mtaa wa Soho. Daktari John Snow alishuku pampu ya maji ya Broad Street. Kila mtu husimulia ramani yake yenye alama za vifo. Mimi husimulia watu ambao hawakufa. Karibu na pampu ile kulikuwa na nyumba ya kuhifadhi maskini yenye watu 535, na waliokufa kwa kipindupindu ni 5 tu; nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake. Mtaani hapohapo palikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, hakufa hata mmoja; walikuwa wakipewa bia, na mwenye kiwanda aliamini kwamba maji hawayanywi kabisa. Halafu kuna kinyume chake: mjane aliyekuwa akiishi Hampstead, mbali kabisa, mahali ambapo kipindupindu hakikuwapo, akafa. Kumbe alikuwa akipelekewa maji ya pampu ile kwa sababu aliyapenda ladha yake. Mtu aliye karibu asiyeugua na mtu aliye mbali anayeugua: hao wawili wanakupa zaidi kuliko vifo mia moja vya jirani na pampu.

Snow hakuwa na maabara ya kumthibitishia. Robert Koch alimtambua bakteria wa kipindupindu karibu miaka 30 baadaye. Kwa hiyo Shombo, hapo maabara ndiyo iliyochelewa kufika kwenye kesi.

---

Darubini amejibu:

Mimi ni wa maabara na sitaki watu wadhani tunashindana na Mzee. Namuunga mkono kabisa.

Norovirusi kwenye kinyesi cha mgonjwa inakwambia nini kinamwumiza. Haikwambii kilipitia wapi. Kirusi hicho kinaweza kupita kwenye barafu, kwenye saladi, kwenye kitasa cha mlango, kwenye matone ya mtu aliyetapika ukumbini. Na chembe chache sana zinatosha kumwambukiza mtu, pungufu ya 100.

Tena tunapokea kile tu tunacholetewa. Kwenye kesi kama yenu, naweza kukisia: nyama iliyobaki ililetwa kwa sababu ilikuwepo na watu waliishuku. Barafu ilishayeyuka ikamwagwa kabla mtu wa kwanza hajatapika. Nikipima nyama nisione kitu, au nikione kitu kingine ndani yake, kuna mtu ataandika habari ya uongo kwa kutumia karatasi yangu.

Ujerumani, mwaka 2011, bakteria wa E. koli aina ya O104:H4 aliwaambukiza watu zaidi ya 3,800 wakaugua, wakafa 54. Mamia yao figo ziliharibika. Mwezi Mei wakuu wa afya wa Hamburg walitangaza kwamba matango kutoka Hispania yamekutwa na E. koli mwenye sumu. Ni kweli alikuwamo, ila hakuwa yule aliyekuwa akiua watu. Kufikia hapo matango yalikuwa yanatupwa kwa malori na wakulima wa Hispania wanalia. Maabara haikukosea. Waliokosea ni waliosoma jibu la tango kana kwamba ni jibu la mlipuko.

Ombi langu kwa wote: mlipuko ukitokea, sampuli za wagonjwa zichukuliwe mapema, kabla ya dawa kama inawezekana. Na chakula kisitupwe kwa aibu.

---

MezaYaTano amejibu:

Shikamoo Mzee, na asante Darubini. Hesabu ya barafu imenifungua macho, maana mimi nilidhani swali lile ni la kujaza nafasi.

Lakini nina mashaka mawili. Kwanza, watu tunasahau. Mimi mwenyewe sikumbuki vizuri kama nilitia barafu, nilimjibu tu ili anipumzishe. Pili, kama hesabu hizi zinachukua wiki, watu wanaendelea kuugua wakati sisi tunaulizana habari za barafu?

---

Mzee wa Madodoso amejibu:

Marahaba. Kwanza, mpigie dada huyo leo umwambie hukumbuki. "Sikumbuki" ni jibu, na lina nafasi yake kwenye fomu. Jibu la kukisia ndilo linaloharibu jedwali.

Kuhusu kusahau, endelea na hadithi ya Darubini pale alipoiachia. Baada ya matango, wachunguzi wa Ujerumani walirudi kuwahoji watu. Ni robo tu ya wagonjwa kwenye utafiti mmoja waliokumbuka kula machipukizi, yale yanayonyunyizwa juu ya saladi. Nani anakumbuka mapambo ya sahani? Basi wakaacha kutegemea kumbukumbu. Wakaenda kwenye mgahawa ambao makundi kadhaa ya wateja yalikuwa yameugua baada ya kula, wakachukua orodha za walioagiza, risiti, na picha ambazo wateja walijipiga wakiwa mezani, kisha wakamkalisha mpishi awaeleze kila chakula kinawekwa nini na kiasi gani. Wakalinganisha walioletewa machipukizi na ambao hawakuletewa. Kila aliyeugua alikuwa ameletewa machipukizi, na uwezekano wao wa kuugua ulikuwa zaidi ya mara 14 ya wenzao. Njia ikafuatwa hadi shamba moja la kuotesha machipukizi, jimbo la Lower Saxony, kisha hadi mbegu za uwatu zilizotoka Misri. Katika kazi zote za wenzangu nilizowahi kusoma, hii naihusudu. Mpishi hakuitwa mshtakiwa, aliitwa shahidi.

Na hapa niseme jambo linaloniudhi kuhusu semina yenu: kumsimamisha mpishi kabla hesabu haijakamilika. Si huruma peke yake. Mpishi ndiye anayejua barafu ilitoka wapi, nani aliichota na kwa mkono au kwa chombo, na nani jikoni alikuwa na tumbo bovu siku mbili kabla. Ukimfukuza, atafunga mdomo yeye na wasaidizi wake wote. Na kwenye jiko lolote ambalo mtu akisema "naumwa" anapoteza mshahara wa siku, mlipuko unaofuata umeshaanza kupikwa. Mwenye norovirusi anatakiwa akae mbali na chakula cha watu walau saa 48 baada ya dalili kwisha, si akijisikia nafuu kidogo anarudi kukata saladi. Hilo lawekwe kwenye mkataba na alipwe siku hizo. Ni kinga rahisi kuliko madodoso yangu yote.

Swali la pili. Hapana, hatusubiri. Hatua na uchunguzi vinakwenda pamoja, na hatua za mwanzo zinategemea njia ya maambukizi, si jina la kimelea. Yambuku, Zaire, mwaka 1976, watu walikuwa wanakufa kwa homa ambayo haikuwa na jina bado. Wachunguzi walipopanga wagonjwa kwa umri na jinsia, waliona wanawake wengi wa umri wa kuzaa. Wanakutana wapi? Kliniki ya wajawazito ya hospitali ya misheni. Pale wauguzi walikuwa wakipewa sindano tano kila asubuhi, zikitumika kwa mtu hadi mtu bila kuchemshwa vizuri. Hospitali ilikuwa imeshafungwa, wahudumu wengi wakiwa wamekufa, na kufungwa kwake kulikata njia kubwa ya maambukizi. Wagonjwa walikuwa 318, waliokufa 280. Jina Ebola lilikuja baadaye.

Kwenu, kabla hata barafu haijahukumiwa, haya yangepaswa kufanyika siku ya kwanza: jiko lisimame, vyoo na nyuso zote zilizoguswa zisafishwe kwa dawa ya klorini, matapishi yasipigwe deki kavukavu, na wagonjwa wasiandae chakula cha familia. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni. Ile jeli ya pombe mnayopakana mlangoni haiwezi sana norovirusi, hata kama ina harufu ya kujiamini.

Tena kuna swali la saa. Kila mgonjwa huulizwa saa aliyoanza. Tukizipanga saa hizo kwenye mchoro, mlima mmoja mkali unaopanda na kushuka haraka unaonyesha watu waliambukizwa kwa pamoja, mlo mmoja. Norovirusi huchukua kama saa 12 hadi 48 kuanza kuonyesha dalili, kwa hiyo ukirudi nyuma kutoka kilele unaangukia kwenye mchana wenu. Wangeanza kutapika saa mbili baada ya kula, ningefikiria sumu ya bakteria stafilokoka, si kirusi hiki. Na mlima wa pili ukiinuka siku mbili tatu baadaye, hao si wa ukumbini. Ni wake, waume na watoto wa walioumwa. Ndiyo maana huenda dada huyo akakuuliza unaishi na nani.

---

Shombo amejibu:

Mzee, naondoa neno ramli. Ila nina swali: yote haya ni ya sahani na barafu. Ugonjwa unaotoka mtu kwa mtu utamhoji mzima wa nini?

---

Muuguzi wa Zamu amejibu:

Hilo naomba nijibu mimi, Mzee apumzike.

Huko mzima ndiye kazi yenyewe, Shombo. Mgonjwa ameshalazwa, ametengwa, tunajua alipo. Aliyemhudumia nyumbani, aliyelala naye kitanda kimoja, aliyemwosha, hao leo ni wazima na kesho huenda wasiwe. Kwa Ebola tunawafuatilia siku 21, kwa sababu dalili zinaweza kuanza wakati wowote kati ya siku ya 2 na ya 21. Kila siku mtu anakwenda kuwaona na kuwapima joto. Akianza homa, anaondolewa siku hiyohiyo kabla hajaambukiza wengine.

Nigeria mwaka 2014 ni mfano ambao kila mwanafunzi wangu lazima aujue. Msafiri mgonjwa alishuka uwanja wa ndege wa Lagos mwezi Julai, mji wenye mamilioni ya watu. Dunia ikashika kichwa. Wakaandikisha watu karibu 900 waliokaribiana na wagonjwa, wakawatembelea ana kwa ana zaidi ya mara 18,000. Wagonjwa wakaishia 20, vifo 8. Na angalia mtu mmoja tu aliyetoroka ufuatiliaji alifanya nini: alikwenda Port Harcourt, daktari aliyemtibu akaambukizwa akafa, na orodha nzima mpya ikabidi ianzishwe huko. Mwezi Oktoba ikatangazwa kwamba umekwisha, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya. Siku 42 ni mara mbili ya zile 21, ili mnyororo uliojificha upate muda wa kujitokeza.

Ndui nayo kwenye miaka ya mwisho ilibanwa hivyo: anapatikana mgonjwa, wanachanjwa waliomzunguka na waliowazunguka hao. Chanjo ilikuwa inakwenda kwa wazima, lakini wazima waliochaguliwa.

Nikubaliane na Mzee kuhusu mpishi, na niongeze langu. Nimewahi kuwa kwenye kituo, sikitaji, ambako jina la mgonjwa wa kwanza lilivuja hadi mtaani. Tangu siku hiyo tulipofika kuuliza nani alikaa naye, hakuna aliyekuwa amewahi kumjua. Ndugu zake wa damu walimkana. Orodha ya watu waliokaribiana na mgonjwa inajengwa kwa kuaminiana, na ukiwapa watu mtu wa kumlaumu, orodha inakufa hapo hapo.

---

Darubini amejibu:

Muuguzi amesema kweli. Na Mzee, umemsahau mchungaji Whitehead. Yule wa kanisa la palepale Soho, aliyeanza kumpinga Snow. Alikwenda nyumba hadi nyumba akiuliza na walionusurika kama walikunywa maji ya pampu. Alikusudia kumbomoa Snow, akaishia kumthibitisha, na ndiye aliyempata mtoto mchanga wa nyumba namba 40 ambaye nepi zake zilifuliwa na maji kumwagwa kwenye shimo lililo jirani kabisa na kisima.

---

Mzee wa Madodoso amejibu:

Sikumsahau, nilimwekea akiba, umeniwahi. Faida aliyokuwa nayo Whitehead juu ya Snow ni kwamba watu walimfahamu na walimfungulia mlango. Anayeuliza akiwa mgeni hupewa majibu ya kumwondoa, kama yale ya MezaYaTano.

---

MezaYaTano amejibu:

Nimempigia. Nimemwambia suala la barafu sikumbuki, akalibadilisha. Akaniuliza kama nina picha za mchana ule. Ninazo kama kumi na kitu, meza yetu na ya jirani, glasi zinaonekana. Ila nyingi zina sura za wenzangu, na mmoja wao alilazwa. Nitume tu?

---

Mzee wa Madodoso amejibu:

Mtumie yeye peke yake, usizitupe kwenye kundi la semina. Usizikate wala usizichore, na usizipitishe kwenye programu inayofuta saa ya kupigwa picha, maana saa hiyo anaihitaji. Umwandikie pia nani amekaa wapi kwa kadiri unavyokumbuka, na huyo aliyelazwa mwambie mapema kwamba picha yake imekwenda kwa mchunguzi. Kama wa meza ya jirani nao wanazo, wape namba ya dada huyo wazitume wenyewe.